Si Uvivu: Tumwelewe Mwenzetu Asiyetulia



Hapa Niboye, wilayani Kicukiro, wengi wetu huamka alfajiri ili tuwahi zamu. Miongoni mwetu yupo mwenzetu ambaye kila mmoja anamfahamu. Husahau glavu nyumbani. Huanza kazi tatu asimalize hata moja. Akiagizwa mambo manne, hushika mawili. Akiwa katika shamba la chai huruka mstari bila kujua. Kapita humwita mvivu, barua za onyo hufuatana, na mwisho kazi hupotea.

Je, ni uvivu? Mara nyingine sivyo. Iko hali ya ubongo ambayo madaktari huiita ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na kutotulia. Daktari George Still aliwaeleza watoto wa namna hiyo mjini London mwaka 1902. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ni ya watoto tu, lakini sasa inajulikana kwamba wengi huendelea nayo ukubwani. Mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Hailetwi na uchawi wala malezi mabaya.

Hata hivyo, si kila anayesahau ana hali hii. Daktari huuliza kama dalili zilianza utotoni, na kama zinaonekana nyumbani na kazini pia. Kukosa usingizi, huzuni, na majeraha ya moyo ambayo wengi wetu tunayo tangu mwaka 1994, huweza kufanana nayo.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mwenye hali hii asitegemee kichwa peke yake. Aandike maagizo katika daftari dogo la mfukoni. Atege kengele ya simu. Glavu na funguo zikae mahali pamoja, karibu na mlango. Kazi kubwa aigawe vipande, amalize kimoja ndipo ashike kingine. Alale vya kutosha. Pombe haimtulizi; huongeza matatizo.

Pili, sisi wenzake tumsaidie. Tumpe agizo moja moja, naye alirudie kwa sauti. Karibu na mashine jambo hili ni la usalama, kwa maana kusahau kidogo kwaweza kukata kidole.

Tatu, aende kituo cha afya, aombe kutumwa kwa mtaalamu. Hospitali ya Ndera, iliyoanzishwa mwaka 1968, hushughulikia magonjwa ya akili, na kituo chake cha Icyizere kiko hapa Kicukiro. Zipo dawa zinazowasaidia wengi, ila ni za kuandikiwa na daktari. Tusiazimane vidonge.

Nne, tujue haki. Sheria ya kazi namba 66 ya mwaka 2018 inakataza ubaguzi kazini, ukiwemo ubaguzi kwa sababu ya ulemavu wa mwili au wa akili. Mgogoro huanzia kwa wajumbe wa wafanyakazi. Usipokwisha, hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi. Kwa hiyo barua ya onyo ya kwanza isifichwe mfukoni. Ipelekwe kwa mjumbe siku ile ile, pamoja na karatasi ya daktari kama ipo, ili tuombe mpango wa kazi unaomfaa kabla ya barua ya pili.

Ndugu, tukimcheka mwenzetu leo, kesho tutamkuta nje ya lango. Tumshike mkono angali ndani.