Ostara: Sikukuu ya Mlingano wa Usiku na Mchana, na Sanadi Yake

Wamesema wanavyuoni wetu kwamba hukumu juu ya jambo ni tawi la kulijua jambo lenyewe. Miaka kadhaa nyuma, katika darsa ya baada ya magharibi, nilisema kwa kujiamini kwamba Pasaka ya Wakristo ni sikukuu ya Ishtar, mungu wa kike wa Babeli, na kwamba wapagani wa Ulaya ya leo wameirejesha tu ibada hiyo kongwe. Kijana mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Sheikh, sanadi yake iko wapi?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni kulipa deni la swali lile.

SIKU YENYEWE

Kila mwaka, tarehe 20 Machi au karibu yake, jua huwa juu ya mstari wa ikweta, na mchana na usiku hukaribia kulingana duniani kote. Waarabu huiita siku hiyo al-i'tidaal ar-rabii'i, na kwa hesabu ya wanajimu ndipo jua huingia buruji ya Hamal. Sisi tunaoishi jirani na ikweta hatuhisi kitu, kwani mchana wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima, na Machi kwetu ni mwezi wa kungojea masika. Ama watu wa kaskazini ya Ulaya, wao huwa wametoka katika baridi kali, ambapo mchana wa London mwezi wa Disemba haufiki hata saa 8. Inapofika Machi miti huchipua, na kuku, ambao hutaga kwa kufuata urefu wa mchana, huanza kutaga tena.

Wafuasi wa upagani mamboleo, hasa wale wa Wicca, huiita siku hii Ostara. Ni moja katika sikukuu nane za mzunguko wanaouita Gurudumu la Mwaka. Hupamba meza ya ibada kwa maua na mayai yaliyotiwa rangi, hupanda mbegu, na huzungumzia mizani baina ya nuru na giza. Wengine hukusanyika alfajiri penye mawe ya kale ya Stonehenge, Uingereza. Wenzao wa Australia huifanya Septemba, kwa kuwa majira yao ni kinyume. Katika sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021, watu wapatao 74,000 walijiandika kuwa ni wapagani.

SANADI YA JINA

Kwanza: Mpokezi wa mwanzo ni Bede, mtawa wa kaskazini ya Uingereza, katika kitabu chake juu ya hesabu ya nyakati alichokiandika mwaka 725. Anasema kwamba Waingereza wa kale walikuwa na mwezi ulioitwa Eosturmonath, kwa jina la mungu wao wa kike, Eostre. Maneno yake ni machache mno. Hakutaja yai, wala sungura, wala siku ya mlingano. Tena katika habari ya mungu huyu yeye ni mpokezi mmoja, asiye na mwenzake. Kwa istilahi zetu, hii ni khabari ya ahadi.

Pili: Mwaka 1835, Mjerumani Jacob Grimm alichukua jina la Kijerumani la mwezi huo huo, akalipima kwa kauli ya Bede, akasema lazima Wajerumani nao walikuwa na mungu wa kike aitwaye Ostara. Hii ni kiasi, si riwaya.

Tatu: Mwaka 1958 yalichimbuliwa Ujerumani, huko Morken-Harff, maandishi ya mawe zaidi ya 150 ya zama za Warumi, yenye kuwataja mama watukufu walioitwa Austriahenae. Jina hilo lina asili moja na neno la mashariki, kama lilivyo la Eostre. Huu ni ushahidi wa kumpa nguvu Bede, lakini nao hausemi lolote juu ya siku ya mlingano.

Nne: Gurudumu lenye sikukuu nane lilikamilika Uingereza katika miaka ya 1950, katika mzunguko wa Gerald Gardner, mwanzilishi wa Wicca, na rafiki yake Ross Nichols wa madruidi. Na jina la Ostara lilibandikwa juu ya sikukuu ya Machi na Aidan Kelly wa Marekani, mwaka 1974.

MAYAI, SUNGURA NA ISHTAR

Sungura alihusishwa na Ostara na Adolf Holtzmann mwaka 1874, kwa kukisia. Mayai yana sababu iliyo karibu zaidi: Wakristo wa zama za kati walikatazwa mayai katika Kwaresima, na kuku hawakuacha kutaga, basi siku ya Pasaka yalikuwa tele.

Ama Ishtar, kauli hiyo ilienezwa na Alexander Hislop, kasisi wa Scotland wa karne ya 19, aliyekuwa akiwashambulia Wakatoliki. Hoja yake ni kufanana kwa sauti tu. Na inatosha kuitazama lugha yetu: tunasema Pasaka, na Waarabu wanasema Fis-h, yote mawili kutoka neno la Kiebrania. Jina lenye sauti ya Ishtar linapatikana kwa Waingereza, na kwa Wajerumani kwa namna yake, basi.

NATIJA

Yatupasa kusema hivi: huenda mungu huyo wa kale aliabudiwa kweli, lakini sikukuu hii, kwa jina lake, siku yake na namna yake, ni ya karne ya 20. Hilo si siri wanayofichuliwa wapagani, kwani wengi wao wanalikiri, na mwanahistoria Ronald Hutton wa Bristol ameueleza kwa urefu uchanga wa dini yao katika kitabu cha mwaka 1999.

Msimamo wetu juu ya kumuabudu asiyekuwa Allah unajulikana, na haukuhitaji hadithi dhaifu ya Babeli ili usimame. Anayemdai mwenziwe sanadi, naye adaiwe. Niliporudi darsani nilimwita kijana yule mbele ya wenzake, nikaifuta kauli yangu.

Wallahu a'lam.