Je, Wajua? Maziwa ya Moto na Swali la Mkwawa

Je, wajua kwamba Mtanzania ambaye jina lake limo katika vichwa vya makala za fizikia kutoka Canada hadi Austria alikuwa ofisa wanyamapori? Erasto Mpemba alisomea uhifadhi Chuo cha Mweka, Moshi, na maisha yake ya kazi yalikuwa porini na ofisini, si maabara. Fizikia aliikuta jikoni.

Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi pale walizoea kujitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Tatizo lilikuwa nafasi. Siku moja mwenzake, kwa kuogopa kukosa pa kuweka, alitia ya kwake bila hata kuyachemsha. Mpemba akaona akisubiri yapoe atakuta pamejaa, akayasukuma humo yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameshaganda. Ya mwenzake bado yalikuwa majimaji mazito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye akakutana na watengeneza aiskrimu wa Tanga mjini, wakamwambia wao huweka ya moto siku zote kwa sababu huganda haraka. Yaani mtaani jambo lilikuwa linajulikana na kuingiza pesa, wakati darasani bado lilikuwa upuuzi.

Kisa chenyewe kilikomaa Iringa. Mpemba alipofika Shule ya Sekondari Mkwawa kwa masomo ya juu, akafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa: kadiri kitu kinavyokuwa cha moto kuliko mazingira yake, ndivyo kinavyopoteza joto kwa kasi zaidi. Kwa kanuni hiyo maji ya nyuzi 90 yatapoa kwa kasi, lakini lazima yapitie nyuzi 35 kabla ya kufika sifuri, na yakifika hapo yale yaliyoanzia 35 yatakuwa yametangulia mbali. Mpemba akauliza tena kuhusu maziwa yake. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu mzima. Darasa likaipenda. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, wenzake walisema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Anayejua utani wa bwenini atakubali kwamba kijana kuendelea kuuliza baada ya hapo kulihitaji ngozi ngumu.

Akaendelea. Siku alipokuja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, Mpemba alisimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukavitia kwenye friza, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini? Wenzake wakamcheka, na mgeni alipoondoka wakamsema kwamba amewaaibisha. Osborne hakucheka. Aliahidi kujaribu.

Je, wajua kwamba ile 100 ya kwenye swali haipatikani Iringa? Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji kwenye chombo kilicho wazi huchemka karibu nyuzi 95. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, ni 94. Ukipanda Kitulo, karibu mita 2,600, yanachemka kwenye 91, na kileleni Mlima Rungwe ni kama 90. Ndiyo maana maharage ya Mbeya, pamoja na sifa zake zote, hukaa jikoni kwa mpishi wa Mbeya muda mrefu kuliko kwa mpishi wa Dar es Salaam: maji yanatokota kwa kelele ileile lakini joto ni pungufu. Kuganda, kwa upande wake, hakujali mwinuko. Barafu ya Kitulo na ya Kariakoo zote huyeyuka kwenye sifuri, tofauti ni ndogo mno hata kipimajoto cha kawaida hakiioni. Nyuzi 100 za Mpemba zilikuwa za kitabuni, kama tulivyozikariri sote.

Osborne alirudi pwani, ambako maji yanafika 100 kweli, akampa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yameanza kuganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Sijui kama kuna mzaha bora zaidi katika historia ya sayansi ya nchi hii, na mwenyewe hakukusudia mzaha.

Majaribio yaliyofuata yalifanywa kwa uangalifu. Maji sentimita za ujazo 70 yalitiwa kwenye bika, na bika likawekwa juu ya kipande cha polistairini ili lisipoe kwa kugusa sakafu ya friza. Hilo lilifunga mlango kwa maelezo yaliyokuwa yakipendwa, kwamba chombo cha moto huyeyusha sakitu iliyo chini yake kikagusana vizuri na ubaridi. Waliona kwamba maji yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda ni yale yaliyoanzia karibu nyuzi 25, na yaliyoanzia juu zaidi yaliwahi. Maji yaliyopungua kwa mvuke yalikuwa machache mno kueleza tofauti hiyo. Kilichoonekana ni kwamba katika chombo kilichoanza na moto, sehemu ya juu hubaki na joto zaidi kuliko ya chini kwa muda mrefu, na juu ndiko joto linakotokea.

Angalia neno moja katika aya iliyotangulia: kuanza. Kufikisha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 80 hadi sifuri kunataka kuondoa joto la jouli 334 hivi, na kuigeuza gramu hiyohiyo iliyofika sifuri kuwa barafu kunataka kiasi kama hichohicho tena. Kwa hiyo chembe ya kwanza ya barafu na bonge zima ni safari mbili tofauti, na mabishano mengi juu ya Mpemba ni ya watu wawili wanaopima vitu viwili.

Je, wajua kwamba makala iliyotokana na majaribio hayo haina neno maji wala barafu kwenye kichwa chake? Ilitoka 1969 katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, Physics Education, kwa jina la neno moja na alama ya kuuliza: Cool? Waandishi ni E. B. Mpemba na D. G. Osborne, kwa mpangilio huo. Mwenye shaka atasema M hutangulia O kwenye alfabeti. Sawa, lakini alfabeti haielezi jinsi makala ilivyojengwa: sehemu ya kwanza mwanafunzi anasimulia kwa nafsi yake, friji, mwalimu na kicheko vyote vimo, mhadhiri anafuata na vipimo. Osborne angeweza kabisa kuandika peke yake na kumshukuru kijana mmoja wa Iringa katika mstari wa mwisho. Wangapi wamefanyiwa hivyo?

Mwaka huohuo, G. S. Kell wa Canada alichapisha makala juu ya jambo lilelile katika American Journal of Physics. Leo jambo hilo huitwa athari ya Mpemba; hakuna anayesema athari ya Kell. Wala ya Aristotle, ambaye zaidi ya miaka 2,000 iliyopita aliandika kwamba wavuvi wa Ponto, kwenye Bahari Nyeusi, walimwagia maji ya uvuguvugu matete yao ili yagande upesi kwenye barafu. Francis Bacon alilitaja 1620, Descartes 1637. Mtakwimu Stephen Stigler wa Chicago aliweka kanuni mwaka 1980: hakuna ugunduzi unaobeba jina la aliyeugundua kwanza. Kisha akasema kanuni hiyo nayo si yake, ni ya mwanasosholojia Robert Merton.

Jina likishakuwa la kawaida, hesabu za marejeo huanza kuvuja. Faharasa za kuhesabu nani kamrejea nani, kazi iliyoasisiwa na Eugene Garfield wa Marekani na kuchapishwa kuanzia 1964, husoma orodha ya mwishoni mwa makala. Mtu akiandika athari ya Mpemba na asiiweke makala ya 1969 kwenye orodha, jina limetajwa lakini hesabu imebaki palepale. Ni heshima kubwa isiyolipa hata nukta moja.

Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilishindanisha watu kueleza athari hiyo. Waliingia zaidi ya 22,000, na mshindi, Nikola Bregović wa Croatia, alitangazwa na Mpemba mwenyewe. Miaka minne baadaye Henry Burridge na Paul Linden wakachapisha kwamba wamelitafuta jambo lenyewe na hawakuliona. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kunatosha kuzaa jibu la uongo.

Wakulima wa viazi wa Makete na Kitulo nao wana ujuzi wao juu ya mahali pa kipimajoto. Usiku wa Juni au Julai usio na mawingu, majani hupoteza joto kuelekea angani hadi yakawa baridi kuliko hewa iliyo juu yake. Kipimajoto kilichosimikwa kimo cha mtu kinaweza kusoma nyuzi mbili juu ya sifuri wakati shamba limepigwa sakitu.

Na jina la Mpemba halijaishia kwenye maji. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Canada waliona chembe ndogo sana za kioo zikifanya vilevile: iliyoanza na moto zaidi ilitangulia kupoa. Mwaka 2024 kundi la Innsbruck, Austria, likaripoti athari ya Mpemba ya kikwanta katika atomi zenye chaji zilizonaswa. Huko hakuna anayebishana kuhusu sakitu ya friza.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, vyombo vifanane, maji yalingane, polistairini iwe chini, na uamue mapema kama unangoja chembe ya kwanza au bonge zima. Ukiwa Mbeya, anza na nyuzi 90. Mia hutaipata.