Chakula Chetu na Bahari Yetu (3): Samaki wa Baruti, Dagaa na Bada

Juma lililopita tuliishia kwenye nazi. Leo tushuke mwaloni, maana hapa Tanga huwezi kuzungumzia lishe bora ukamruka samaki, na ukimgusa samaki huna budi kuitaja baruti.

Uvuvi wa baruti ulianza katika maji yetu miaka ya 1960, na kwa miongo mingi mlio wake ulisikika Mkinga hadi Pangani. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa cha samaki na kumvunja uti wa mgongo. Wengi wanaokufa huzama, hawafiki hata mtumbwini. Matumbawe, ambayo ndiyo makazi ya changu, tasi na chewa, hubaki kifusi kwa miaka mingi. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza jambo hili, na tangu vyombo vya dola vilipoanza kushirikiana katika doria mwaka 2015, milio imepungua sana. Hata hivyo doria haikagui kila kapu. Mnunuzi anaweza. Samaki wa baruti amelegea, ukimnyanyua hukunjika katikati, na ukimpasua unakuta damu imevilia tumboni. Isitoshe huoza upesi, kwa hiyo hata asiyeijali bahari ana sababu ya kumkataa.

Ukiniuliza ununue samaki gani, nitakutajia dagaa na vibua kabla ya chewa. Chewa hukua taratibu, na wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakishakua wakubwa ndipo hugeuka madume. Anayewinda wakubwa peke yao anawamaliza madume. Dagaa maisha yake ni mafupi, huzaa mapema, na huvuliwa kwa taa usiku wa giza, juu juu, mbali na matumbawe. Kwa kuwa tunamla mzima, mifupa yake hutupa madini ya chokaa, na kichwa na ini hutupa vitamini A, ambayo minofu ya samaki mkubwa haina kwa wingi.

Dagaa ana kasoro zake pia. Huchemshwa kwa maji ya chumvi, na kuni za kazi hiyo hutoka misituni, pengine kwenye mikoko yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Basi waloweke dagaa katika maji ya moto, umwage, ndipo uunge. Na usitie chumvi kabla hujaonja mchuzi.

Mwenza wa haki wa dagaa ni bada, ugali wetu wa muhogo. Muhogo huvumilia ukame na hauhitaji mbolea nyingi, lakini ule mchungu una sumu ya sianidi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, kwa kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kwa muda wa kutosha. Kuloweka na kuanika makopa vizuri si mapambo ya jikoni. Tena mwili huishinda sumu iliyobaki kwa kutumia protini zenye salfa, ambazo samaki anazo. Bada kwa chai ya rangi ni hatari. Bada kwa dagaa na mchunga, ile mboga chungu inayoota yenyewe shambani bila kumwagiliwa, ni mlo kamili.

Mwaka 2019 tume ya wanasayansi ya EAT na jarida la Lancet ilipendekeza dunia ipunguze sana nyama nyekundu. Mahubiri hayo yanawafaa zaidi Ulaya na Marekani kuliko kijiji cha Kigombe hapa Tanga, ambako nyama ya ng'ombe husubiri sikukuu. Sisi tuna shida nyingine: soda, chai yenye sukari ya kupindukia, na chipsi zinazokaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Kijana anayeona aibu kula bada na haoni aibu kula chipsi kila jioni amedanganywa na mji.

Kwa hiyo, msomaji, ukifika kwa mchuuzi usiulize bei tu. Muulize samaki amevuliwa wapi na kwa zana gani, mnyanyue umtazame, na akikunjika mrudishie hapo hapo mbele ya wanunuzi wengine. Juma lijalo tutazungumzia mwani.