Mkono wa Kuazima

Honda CB750 ilipotoka mwaka 1969 ilisifiwa kwa injini yake ya silinda nne na breki ya diski ya mbele. Upande wa nyuma haukuwa na la ajabu: mkono wa chuma, shokapu mbili, tairi jembamba la inchi 4. Basi wapenzi wa pikipiki za zamani huko Ulaya na Marekani, wakiisuka upya, huitafutia mkono wa alumini uliotoka kwenye Suzuki GSX-R, ambayo ukoo wake ulianza miaka ya 1980. Mkono wenyewe ni ule uma unaoshika gurudumu la nyuma na kupanda na kushuka nalo, ukizungukia bolti ndefu iliyo nyuma ya gia boksi.

Nguo ya kuazima ina mambo yake, na ya kwanza ni hiyo bolti. Unene wake na upana wa kichwa cha mkono mpya kwa kawaida havilingani na nafasi ya fremu. Mkono ukiwa mpana hupunguzwa. Ukiwa mwembamba, fundi hukereza bushi za kujazia. Akiacha uchezaji hata kidogo, gurudumu litajiamulia njia kwenye kona. Tena asidanganywe na macho: kinachowekwa katikati ya fremu ni gurudumu. Mikono mingi ina ubavu mmoja uliopinda tofauti na mwenzake, kwa hiyo ukiuweka mkono katikati, tairi linaweza kukaa kando.

Halafu cheni, na hapa ndipo wengi huchoka. GSX-R750 ya mwaka 2000 huvaa tairi la milimita 180, na lile la zamani la Honda lina kama 102. Kila upande umeongezeka milimita 39, palepale cheni inapopita. Dawa iliyozoeleka ni kufunga sproketi ya mbele iliyotokeza nje. Lakini kadiri sproketi inavyokaa mbali na beringi yake, ndivyo cheni inavyoilemea shafti kama mtu anayening'inia kwenye ncha ya tawi. Waangalifu huongeza beringi ya kushikilia shafti kwa nje. Mimi ningefunga tairi la 150, wanaotaka kucheka wacheke.

Cheni ina siri nyingine. Mkono hauzungukii katikati ya sproketi ya mbele, unazungukia nyuma yake kidogo, kwa hiyo ulegevu wa cheni hubadilika kila gurudumu linapopanda. Hukaza zaidi pale vitovu vitatu, yaani cha sproketi, cha bolti na cha gurudumu, vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Dereva wa bodaboda aliyekaza cheni pikipiki ikiwa tupu, kisha akapakia abiria wawili na gunia, analijua hilo bila mchoro. Kwa mkono mpya, fungua shokapu, inua gurudumu mpaka vitovu vinyooke, ndipo upime.

Shokapu nazo hazihamishwi kiholela. Mkono wa GSX-R ulibuniwa kwa shokapu moja ya katikati yenye vyuma vya kuiunganisha, na msukaji anayetaka mbili za pembeni lazima achomelee mahali pa kuzishikia. Tuseme gurudumu linapanda milimita 120 na shokapu inabonyea 60 tu. Springi inabeba nguvu maradufu katika nusu ya mwendo, hivyo inahitaji ugumu mara nne ya springi ambayo ingekaa penye gurudumu, si mara mbili. Isitoshe, alumini iliyoimarishwa kwa joto hulainika kando ya mshono wa kuchomelea, yaani palepale mzigo unapotua.

Na urefu wa shokapu ukiinua nyuma kwa milimita 25, kwenye pikipiki yenye milimita 1,450 kati ya magurudumu, fremu yote inainama mbele karibu digrii 1. Uma wa mbele unasimama zaidi, na ule umbali unaolituliza gurudumu la mbele (kutoka pale mstari wa usukani unapokutana na ardhi hadi pale tairi linapogusa) unapungua takriban milimita 6. Usukani unakuwa mwepesi mjini na wenye wasiwasi kwenye barabara kuu.

Ndiyo maana mafundi wazuri hufunga kila kitu kwa majaribio kwanza, wakavuta nyuzi mbili kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, moja kila upande, na kupima pengo kati ya uzi na tairi la mbele, kushoto na kulia. Mapengo yakilingana, mashine ya kuchomelea inawashwa.