Mfuko Tumboni, Presha Juu: Umpikie Nini Mumeo?

Shosti, hebu jiweke jikoni kwako pale Maswa. Mumeo karudi kutoka Bugando, Mwanza, kafanyiwa upasuaji wa utumbo, na sasa haja inatoka kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Daktari wa upasuaji kasema asikose chumvi. Wa kliniki ya presha, miaka yote, anasema chumvi ipungue. Ugali uko mezani, mlenda unapoa. Umsikilize nani?

Inategemea tundu hilo, yaani stoma, limefunguliwa wapi. Kama ni kwenye utumbo mpana, jeraha likishapona masharti yake ya zamani kwa kawaida yanaendelea. Kama ni utumbo mwembamba, hapo ndipo penye kazi. Maji na chumvi vinaishia kwenye mfuko kabla mwili haujavinyonya. Ukimkatia chumvi kabisa anaweza kupata kizunguzungu, misuli kukaza, hata figo kuumia. Na usimjaze maji matupu ukidhani unamsaidia, mara nyingi kinachojaa ni mfuko! ORS inafaa zaidi. Mfuko ukianza kujaa majimaji mfululizo, na anameza dawa ya presha ya kukojoza, muone daktari siku hiyo hiyo.

Mwenye kisukari naye ana mtihani wake. Kazoea kuambiwa ale dona na maharage, lakini wiki sita hadi nane za mwanzo vyakula vya nyuzinyuzi hupunguzwa. Basi ni ugali wa sembe au wali, kipimo kidogo maana vinapandisha sukari, na sato aliyetolewa miiba. Apime sukari mara kwa mara. Karanga, bisi na mahindi ya kuchoma (najua, inauma) vinaweza kuziba njia. Choroko, ambazo Maswa hazikosekani, zinaleta gesi. Akisharuhusiwa, aanze na vijiko viwili, zikiwa zimeiva hadi kurojeka.

Chungulia pia mfuko wenyewe. Vidonge vya kuyeyuka polepole vinaweza kutoka vizima. Ukikiona, usimwongezee dozi, kamwambie daktari.

Na chakula cha usiku kiwe mapema, amwage mfuko kabla ya kulala. Wengi wanajitenga kitandani kwa kuogopa harufu tu.

Siku ya kliniki, shosti, nenda naye. Beba kadi zote mbili, ya upasuaji na ya presha, uziweke mbele ya daktari mmoja, umuulize: chumvi kiasi gani kwa siku?