Kaunta Ikivimba, Imevimba

Nyumba za Jericho zilijengwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jikoni mwake pa kugeukia ni pachache. Mpangaji anayekarabati huweka kabati jipya lenye kaunta inayong'aa kama marumaru. Mwaka haujaisha, ukingo ulio karibu na sinki umeumuka kama andazi.

Lawama humwangukia fundi, pengine kwa haki. Lakini kisa kilianzia kiwandani.

Kaunta hiyo mara nyingi ni chipbodi: vijipande vya mbao vilivyochanganywa na gundi, vikakandamizwa kwa mashine yenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Mbao yoyote hunywa maji ikavimba, kisha ikikauka hunywea. Chipbodi ina la ziada. Maji yanapolegeza vijipande vyake, kile kilichobanwa na mashine hufunguka, navyo huelekea unene wao wa zamani vikiachana na gundi. Ianikwe juani wiki nzima, uvimbe huo hautashuka wote.

Ganda la juu, la Formica, halina kosa. Formica, iliyobuniwa Pittsburgh, Marekani, karibu mwaka 1912 ili kuzuia umeme mahali pa madini ya maika, haipitishi maji. Maji hupenya pale msumeno ulipokata tundu la sinki na ukingo ukaachwa uchi. Mgao wa maji nao huzidisha mambo: mitungi hupandishwa kwenye kaunta na kumiminwa humo humo, kila siku matone mawili matatu.

Chipbodi ikishamomonyoka ukiigusa kwa kidole, dawa ni kuikata. Kosa linalorudiwa sana ni kupaka silikoni juu ya ubao ambao bado una unyevu, maji yakafungiwa ndani. Kwanza mfereji unaovuja uzibwe, ubao ukauke, kisha kipande kibovu kibadilishwe kwa plaiwudi ya marini. Tabaka zake zimepishana, kila moja ikiizuia jirani yake kutanuka, na gundi yake ya fenoli huvumilia hata maji yanayochemka. Ukingo upakwe vanishi mara mbili kabla sinki halijarudishwa; silikoni ije mwisho.

Mteja mjanja, kabla ya kulipa, huomba kipande cha masalia dukani, akapima unene wake, akakilaza usiku kucha ndani ya kikombe cha maji. Asubuhi hukipima tena kwa rula.