AKIBA HAIOZI IKIWEKWA KAVU

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini watu wa Ukambani wajua ya kuwa akiba ya chakula huoza, tena upesi, isipowekwa sawasawa. Huko Kabati, sokoni kando ya barabara ya Kitui na Machakos, mahindi, mbaazi, kunde na ndengu ndiyo mali ya nyumba. Mvua ya kutegemewa ni ile ya mwezi wa Oktoba hata Desemba. Ya Machi mara nyingi hukosa. Kwa hiyo mavuno ya Februari huenda yakahitajiwa hata Februari nyingine.

Mwaka 2004 uliwafundisha watu jambo hili kwa msiba mkubwa. Kati ya Januari na Julai watu 317 waliugua, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Hawakufa kwa njaa. Waliuawa na mahindi yaliyoota kuvu. Wachunguzi waliona ya kuwa waliougua walikuwa zaidi ni wale walioweka mahindi mabichi ndani ya nyumba za kulala, wala si katika ghala lipitishalo hewa.

Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, au sumukuvu. Ilijulikana kwanza Uingereza mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa kulishwa njugu zilizoharibika. Sumu hii huharibu ini; mgonjwa huwa na macho ya manjano, na tumbo huvimba. Tena haiondoki kwa kuchemshwa. Isyo iliyotokota mchana kutwa yaweza kumdhuru mlaji, ikiwa punje zake zilikuwa na sumu.

Basi kazi ya kwanza ni kukausha. Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu, bali juu ya turubali, na jioni yafunikwe au yaingizwe ndani. Punje zilizovunjika au zilizogeuka rangi zichaguliwe na kutupwa. Unyevu usizidi sehemu 13 na nusu katika 100. Asiye na chombo cha kupimia achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi na chumvi kavu kidogo, aitikise vizuri, kisha angoje robo ya saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yarudishwe juani.

Kazi ya pili ni kufunga. Siku hizi iko mifuko ya tabaka tatu: mbili za plastiki ndani na gunia nje. Njia hiyo ilianzishwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, waliokuwa wakitafuta namna ya kuhifadhi kunde za wakulima wa Kameruni. Hewa hukamuliwa, na kila tabaka hufungwa peke yake kwa kamba. Wadudu waliobaki ndani huitumia hewa iliyosalia mpaka ikapungua sana, nao hufa pasipo dawa. Mfuko uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na panya, wala usifunguliwe kila siku. Ni heri chakula cha kutumia upesi kiwekwe katika chombo kingine.

Lakini jambo hili lisisahauliwe: mfuko haukaushi kitu. Nafaka yenye unyevu ikifungwa ndani ya plastiki, unyevu hukosa pa kutokea, na mwenye mali huwa amejifungia hatari mwenyewe.

Mwenye friji ya kugandisha aweza pia kuua wadudu wa kunde na ndengu. Azifunge barabara katika mfuko usiopitisha hewa, aziache siku nne katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Akizitoa, asifungue mfuko mpaka baridi imekwisha kabisa, kwa maana matone ya maji yatazilowesha. Hata hivyo baridi huua wadudu tu. Sumu ya kuvu haiondoi.

Nafaka iliyoota ukungu isiuzwe, wala asipewe jirani, kuku au ng'ombe. Hasara ya gunia moja ni chungu, hasa mwaka wa mvua haba, lakini gunia hulimwa tena msimu mwingine; mtoto aliyekufa harudi. Kwanza ukavu, kisha mfuko: hapo ndipo neno la wahenga litakapokuwa kweli.